Dumu la kwanza asubuhi: kupima kutu na kusagika ndani ya pampu ya mkono

Wanakijiji wakilalamika kwamba maji ya kisima yana kutu, jibu wanalopewa mara nyingi ni kwamba hayo ni madini ya chuma ya ardhini, mwamba ndivyo ulivyo, hakuna la kufanya. Chai inageuka nyeusi kama wino, wali unabadilika rangi, mashuka meupe yanatoka na madoa ya hudhurungi, na taratibu akina mama wanarudi kuchota mtoni. Pampu nzima inabaki imesimama bila mtu. Kwa anayefanya utafiti wa kutu, msuguano na kusagika kwa metali, hapo ndipo kazi inapoanza, na swali la kwanza ni moja: chuma hiki kimetoka kwenye mwamba au kimetoka kwenye bomba?

Kuvitenganisha hakuhitaji mashine kubwa. Bomba la mabati la inchi moja na robo lina kipenyo cha ndani cha milimita 36 hivi, kwa hiyo kila mita moja inabeba takriban lita moja. Pampu iliyoshushwa mita 30 imelaza lita 30 ndani ya bomba usiku kucha. Fika alfajiri kabla mtu hajagusa mpini. Chota sampuli kwenye maji ya kwanza kabisa. Toa madumu mawili ya lita 20, chota ya pili. Sukuma saa nzima bila kupumzika, chota ya tatu. Kila mara jaza chupa mbili: moja maji yaliyochujwa kwa kichujio cha mikroni 0.45, nyingine yasiyochujwa, na zote zitiwe matone ya asidi ya naitriki mpaka pH (kipimo cha uasidi; namba ikishuka, uasidi umepanda) ishuke chini ya 2, la sivyo chuma kitaganda ukutani mwa chupa kabla hujafika maabara. Kama chuma kinaanza juu sana halafu kinaporomoka kadiri unavyosukuma, kinatoka kwenye pampu. Kama kinabaki palepale kutoka alfajiri hadi saa nne, laumu mwamba. Kumbuka kwamba watu huanza kuyakataa maji kwa rangi na ladha chuma kikizidi miligramu 0.3 hivi kwa lita, kiasi ambacho bomba linalolika hukipita bila shida.

Kipimo cha pili ni pH, na hapa ndipo data nyingi za visima huharibikia. Maji ya chini ya ardhi huwa yamebeba hewa ya ukaa iliyoyeyuka. Ukiyajaza kwenye chupa, ukaitupa nyuma ya gari na kuendesha saa tano hadi mjini, hewa hiyo inatoka na pH inapanda. Maji yaliyokuwa na 6.0 kisimani yanaweza kusomeka karibu 7 kwenye meza ya maabara. Karatasi itasema maji hayana ukali wowote, mkandarasi atafunga mabomba ya mabati kwa dhamiri safi, na bomba litatoboka. Kwa hiyo pima palepale kwenye mdomo wa pampu: sawazisha kipimo kwa myeyusho wa 4.00 na wa 7.00 asubuhi hiyohiyo, acha maji yapite kwenye chombo chembamba yakitokea chini na kufurika juu ili yasichanganyike na hewa, subiri namba itulie, andika pamoja na jotoridi. Taarifa ya pH isiyosema ilipimwa wapi na dakika ngapi baada ya kuchotwa, mimi siitumii.

Kwa nini namba hiyo ni muhimu kiasi hicho? Kwa sababu zinki, ambayo ndiyo ngao ya bomba la mabati, hujilinda yenyewe kwa ganda la kabonati linalokaa vizuri kwenye maji yasiyo na ukali. pH ikishuka ganda haliwezi kutulia, na zinki inayeyuka. Otto Langenegger, aliyechunguza pampu za mkono Afrika Magharibi, aliandika mwaka 1994 kwamba mabati hayafai pale pH inapokuwa chini ya 6.5. Hapa kwetu Uganda ndiyo iliyochukua hatua ya wazi zaidi: mwaka 2016 serikali ilisimamisha matumizi ya mabomba ya mabati na rodi za mabati (vyuma virefu vinavyounganisha mpini na pistoni) kwenye pampu za mkono. Kati ya hayo mawili imepita miaka 22. Ushahidi ulikuwepo muda wote huo, na mabomba yaliendelea kushushwa visimani.

Hebu tuangalie ngao yenyewe kwa karibu. Mabati yaliyochovywa kwenye zinki ya moto yenye gramu 400 kwa mita ya mraba yana tabaka la mikroni 56, yaani chini ya unene wa unywele wa wengi wetu. Halafu fundi anakata thredi ili aunge mabomba. Thredi ya bomba la inchi moja na robo, yenye meno 11 kwa inchi, inachimba milimita 1.48 ndani ya ukuta wenye unene wa milimita 3.2. Hapo zinki yote imeondoka, na kwenye bonde la thredi imebaki milimita 1.7 tu ya chuma kitupu. Ukiongeza kwamba hapo ndipo uzito wote wa bomba na maji unaponing'inia, huna haja ya kuuliza kwa nini mabomba hukatika kwenye maungio na si katikati. Mafundi wengi hupaka rangi au utepe upande wa ndani wa soketi na kuacha thredi mbili tatu zilizobaki nje zikiwa wazi. Hizo mbili tatu ndizo zitakazoliwa kwanza.

Ili kujua kasi ya kulika, njia ya zamani bado ndiyo bora: vibao vya chuma vinavyopimwa uzito kabla na baada ya kukaa majini. Kata kibao cha milimita 50 kwa 25 kwa 3 kutoka metali ileile ya bomba, si metali inayofanana nayo. Toboa tundu dogo, gonga namba, piga msasa wa 600, osha kwa asetoni, kausha, kisha usikiguse tena kwa vidole. Pima uzito hadi sehemu ya kumi ya miligramu. Kwa kuwa ni maji ya kunywa, safisha uzi kwa klorini na kibao kwa spiriti, maana klorini ikibaki kwenye chuma itakupa kutu ambayo haikutoka kisimani. Kifunge kwa mshipi wa nailoni, kikae mita mbili chini ya uso wa maji, kisiguse bomba hata kidogo, kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji moja huila nyingine. Weka vitatu vya kutoa baada ya siku 30 na vitatu vya siku 90. Kibao kimoja hakitoshi, kwa kuwa huwezi kujua kama tofauti ni ya maji au ya mkono wako.

Kuvisafisha baada ya kuvitoa ndiko kunakowashinda wengi. Kutu inatakiwa itoke yote bila kuchukua chuma kizima. Myeyusho unaotumika ni lita moja ya asidi ya hidrokloriki kali iliyotiwa gramu 20 za antimoni trioksaidi na gramu 50 za stanasi kloraidi, kwenye joto la kawaida la chumba, ukikoroga, kwa dakika 1 hadi 25. Fanya mbele ya feni ya kuvutia moshi, ukiwa na glavu na miwani. Na kila mara tumbukiza pamoja navyo kibao kipya ambacho hakijawahi kwenda kisimani: uzito atakaopoteza huyo ni wizi wa asidi, unaupunguza kwenye hesabu. Rudia kuchovya na kupima mara tatu nne. Uzito utashuka haraka, kisha mstari utalala. Palipoanza kulala ndipo kutu ilipokwisha.

Hesabu sasa. Chukua miligramu zilizopotea, zidisha kwa 87.6, gawanya kwa zao la msongamano wa metali, eneo la kibao katika sentimita za mraba na saa kilizokaa majini. Tuseme kibao chetu chenye eneo la sentimita za mraba 29.5 kimepoteza miligramu 250 kwa saa 720, na msongamano wa chuma ni 7.86. Unapata milimita 0.13 kwa mwaka. Linganisha na ile milimita 1.7 kwenye bonde la thredi. Kutu ikila upande mmoja, miaka 13. Ikila ndani na nje, sita na nusu. Na hiyo ni kama inakula sawasawa, jambo ambalo ni nadra. Ikichimba vishimo, namba hii ya wastani inakudanganya, kwa hiyo kabla ya kuifungia kazi pima kina cha vishimo vitano virefu zaidi kwa darubini. Yapo pia mashariti ya muda: gawanya 50 kwa kasi uliyoipata na utapata saa za chini ambazo jaribio lilipaswa kukaa. Kwetu ni saa 385 hivi, tuko salama. Jaribio la siku tatu kwenye maji haya lingekuwa bahati nasibu.

Hadi hapa tumesema kutu peke yake. Lakini pampu inatembea. Chukua Afridev, pampu ambayo majaribio yake ya miaka ya 1980 yalifanyika kwa sehemu kubwa Kwale, pwani ya Kenya. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 50 na pistoni inasafiri milimita 225. Kila mpigo unatoa mililita 440, kwa hiyo dumu la lita 20 ni mipigo 45. Kwa mipigo 40 kwa dakika na saa nane kwa siku, washa ya mpira ya pistoni inasugua ukuta wa shaba nyeupe (brasi, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki) kwa umbali wa kilomita 8.6 kila siku. Kwa mwezi ni zaidi ya kilomita 250, yaani Dar es Salaam hadi Morogoro na kuzidi, kwenye washa moja inayobanwa na uzito wa maji yote yaliyo juu yake.

Maji yakiwa safi, mpira na shaba hiyo hukaa pamoja miaka. Mchanga ndio unaoharibu. Kwatsi, madini yanayounda mchanga mwingi, ina ugumu unaozidi 1000 kwa kipimo cha Vickers. Shaba nyeupe ina 100 hadi 150. Kanuni ya kazi ni kwamba chembe ikiwa ngumu kuliko uso kwa mara 1.2, itaukwaruza. Hapa ni mara saba na zaidi. Kinachowashangaza wanaoanza ni kwamba mpira, ulio laini, haukwaruzwi sana. Chembe ya mchanga inajipachika ndani yake, inashikwa hapo, na mpira unageuka msasa unaosugua shaba kwenda na kurudi mara elfu kumi na tisa kwa siku. Ukifungua silinda ya namna hiyo utaona mistari mirefu iliyonyooka kama ya reki, sambamba na mwendo wa pistoni. Kubadilisha washa bila kushughulikia mchanga ni kupeleka msasa mpya. Jaza ndoo, iache itulie saa moja, mwaga polepole, kausha na upime kilichobaki chini. Kama mchanga unaonekana kila siku, tatizo liko kwenye kichujio cha kisima au kokoto zilizozunguka, na fundi pampu hawezi kulitatua kwa spana.

Kwa upande wa bushi za plastiki kwenye ekseli ya mpini, hesabu ya kusagika ni nyepesi na inafaa kila mhandisi aiweke kichwani: kina kilichosagika ni kasi mahususi ya kusagika, mara shinikizo, mara umbali. J. F. Archard aliweka msingi wa hesabu hii mwaka 1953. Plastiki yenye kasi ya 0.00001 milimita za ujazo kwa kila newtoni-mita, ikibebeshwa shinikizo la newtoni 2 kwa milimita ya mraba na kusuguliwa kilomita 100, inapoteza milimita 2. Kasi hiyo unaipata kwenye mashine ya pini na sahani, ambayo hukandamiza pini juu ya sahani inayozunguka: newtoni 10, mita 0.1 kwa sekunde, mita 1000 za mwendo, marudio matatu kwa uchache. Mita mia za kwanza usizihesabu pamoja na nyingine, nyuso zinakuwa bado zinazoeana. Na usipime kwenye maabara yenye kiyoyozi ukidhani umepima bushi ya kijijini. Tia vumbi la eneo lenyewe, lililochekechwa, kwa kiasi ulichokiandika. Namba inaweza kupanda mara kumi.

Sasa jambo ninalotaka mtafiti kijana alishike kuliko yote. Neno tribolojia, yaani elimu ya msuguano na kusagika, liliingia rasmi mwaka 1966 Uingereza, kwenye ripoti ya kamati iliyoongozwa na Peter Jost, iliyokadiria kwamba nchi ile ingeweza kuokoa pauni milioni 515 kwa mwaka kwa kushughulikia msuguano na kusagika. Tangu hapo watu wa msuguano wamekaa kwenye idara za umakanika, na watu wa kutu kwenye kemia na metali, kila kundi na mikutano yake. Ndani ya silinda ya pampu mgawanyo huo haupo. Shaba nyeupe kwenye maji yenye ukali hupoteza zinki yake, ikiacha tabaka jekundu la shaba lenye vinyweleo na lisilo na nguvu. Washa inapita, inalifuta tabaka hilo laini kwa wepesi. Chini yake umefunuka uso mpya wa njano, mbichi, ambao maji yanaanza kuula tena kwa kasi ya mwanzo. Mpigo unaofuata unaufuta huo nao. Ukichunguza silinda iliyotoka kazini utaona mabaka mekundu pembeni ambako washa haifiki, na njano inayong'aa katikati, na katikati ndipo palipoliwa zaidi. Mtu wa kutu akitazama ule wekundu atasema tatizo ni pembeni. Mtu wa msuguano akitazama mikwaruzo atasema ni mchanga. Wote wawili watapendekeza dawa nusu.

Hali ni hiyo hiyo kwa stenlesi. Inalindwa na utando wa oksaidi ya kromu wenye unene wa nanomita mbili tatu. Ukikwaruzwa unajirudisha mara moja, lakini kila kujirudisha kunachukua chuma kidogo, na mipigo ni milioni saba kwa mwaka.

Kupima mchango wa kila mmoja kunataka majaribio matatu kwenye metali moja na maji mamoja. La kwanza, sugua ndani ya maji kama kawaida, upate hasara yote. La pili, sugua huku ukiunganisha umeme unaoilazimisha metali isilike, kupitia seli ya elektroda tatu (chombo cha kudhibiti volti ya metali ikiwa majini), upate kusagika peke yake. La tatu, iache metali majini bila kusugua kwa muda uleule, upate kutu peke yake. Tuseme umepata miligramu 10, 4 na 1. Nne na moja ni tano, kwa hiyo nyingine tano hazina mwenyewe: zimetokana na hawa wawili kusaidiana. Kosa la kawaida kwenye jaribio la pili ni kuvuta umeme mwingi mno, viputo vya haidrojeni vikaanza kutoka na kudhoofisha uso. Ukiona viputo, rudisha volti nyuma.

Rodi ni mfano mwingine. Kwenye pampu ya mkono ya India Mark II na ndugu yake U2 ya Uganda, silinda ya milimita 63.5 iliyoshushwa mita 30 inabebesha rodi kilo 95 za maji, na rodi zenyewe za milimita 12 zina kilo 27 hivi. Gawanya kwa eneo la thredi ya M12, milimita za mraba 84, unapata newtoni 14 kwa milimita ya mraba, wakati chuma cha kawaida kinavumilia zaidi ya 200. Kwa karatasi, rodi hiyo haitakatika milele. Lakini chuma hewani kina kikomo cha uchovu, yaani kiwango cha mzigo wa kurudiarudia ambacho chini yake hakichoki, na kwenye maji yanayokila kikomo hicho kinatoweka. Kutu inachimba kishimo kwenye bonde la thredi, nati inalegea, rodi inaanza kupinda kila mpigo, ufa unatambaa. Chukua kipande kilichokatika utazame uso wake: sehemu nyeusi yenye kutu ya zamani ni ufa uliokuwa ukikua miezi, na sehemu ndogo inayong'aa ni siku ya mwisho.

Kabla hujapendekeza stenlesi kwa kila kisima, hakikisha unachouziwa ni stenlesi ya kweli. Daraja la 304 lina kromu 18 na nikeli 8 kwa mia. Sokoni linapita daraja la 201, lenye nikeli 3.5 hadi 5.5 na manganizi nyingi badala yake, bei nafuu, mng'ao uleule. Sumaku haitakusaidia, yote mawili hayavutwi. Inatakiwa bunduki ya eksirei ya kusoma metali, au angalau dawa ya tone inayobadilika rangi ikikuta manganizi. Ukanda wa pwani, ambako maji yana chumvi, hata 304 ya kweli huchimbika. Hapo ni daraja la 316, au PVC kwa bomba. Mabati nayo yapo yaliyopakwa zinki kwa umeme, mikroni 5 hadi 15 badala ya 55. Kipimo cha unene cha sumaku kinaingia mfukoni, na kuyakataa mabomba stoo ni rahisi kuliko kuyang'oa yakiwa mita 30 chini.

Anayetaka kuingia kwenye kazi hii asome umakanika au metali, lakini asiikimbie kemia ya maji, na ajifunze kung'oa pampu pamoja na mafundi wa kijiji kwa mikono yake. Wao wanajua kisima kipi hula bomba na kipi hakili, ila hawajaulizwa.

Na pampu ikishang'olewa, mzuie mtu yeyote kushika brashi ya waya. Kata kipande kilichovunjika kwa msumeno wa mkono sentimita kumi kutoka kwenye mvunjiko, usitumie gesi wala diski, joto lake hubadilisha metali. Osha kwa maji safi kidogo, kisha spiriti, kausha kwa hewa, usiunganishe nyuso mbili za mvunjiko kutazama kama zinalingana, maana zitasagana. Funga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na pakiti ya kunyonya unyevu na karatasi yenye jina la kisima, kina cha bomba hilo kuanzia juu, tarehe liliposhushwa, tarehe lililotoka, na pH uliyoipima asubuhi ile kwenye mdomo wa pampu.